Kibuyu cha Kumpokelea Mkwe

Siku wakwe walipokuja kutoka Kaniha kumposa binti yangu, nilikuwa na miezi tisa sijagusa pombe. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo kichwani wakati ule. Hata ungeniuliza bei ya maharage ningeweza kuropoka miezi tisa. Wenzangu hujua wana ng'ombe wangapi na ekari ngapi. Mimi nilikuwa na miezi yangu, na niliibeba kwa hofu kama mtu anayevuka mto juu ya gogo akiwa na mtoto mgongoni.

Niseme mapema nilikuwa nani. Hapa kwetu Kasulo, wilayani Ngara, nilikuwa fundi wa pombe ya ndizi, tena si fundi wa kubahatisha. Ndizi zangu zilikaa shimoni siku zake kamili zikiiva, nilizikamua kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, nikatia mtama uliokaangwa na kusagwa, na kesho yake watu walikuwa wananitafuta wenyewe. Harusi, ubatizo, matanga, kuezeka nyumba, kote niliitwa. Nikiambiwa nimezidisha kunywa, jibu nilikuwa nalo: mpishi asiyeonja chungu chake ni mpishi gani? Watu walicheka. Basi nikaonja mchana, nikaonja asubuhi, mwishowe nikawa naonja kabla ya kunawa uso, maana bila hivyo mikono ilitetemeka hata kufunga kifungo cha shati sikuweza.

Aliyeumia ni binti yangu. Miaka miwili kabla ya siku hii ninayoisimulia, wazee wa Murukulazo walikuja kumposa kwa ajili ya kijana wao. Walinikuta nimelala kwenye migomba, kiatu kimoja mguuni, kingine sijui kilikokwenda mpaka leo. Walimsalimu mke wangu kwa heshima, wakakaa kidogo, wakaondoka na madumu yao ya pombe bila kuyafungua. Binti hakuniambia neno. Ningependa anitukane, ningejua pa kushika. Mwezi ule ule mke wangu alirudi kwao, Biharamulo.

Nilikunywa mwaka mwingine mzima na zaidi, ndipo nikaamua kuacha pombe, peke yangu, kwa hasira. Hapo nilifanya ujinga ambao wengi wetu huufanya tukidhani ndio uanaume: nilijifungia ndani nikaapa sinywi tena. Siku ya kwanza nilitetemeka. Siku ya pili nikatapika nyongo. Siku ya tatu niliona siafu wakitembea ukutani, wengi ajabu, wakishuka kitandani, nami nikawa nawapiga kwa mto huku napiga kelele. Kaka yangu mkubwa akasema nimerogwa, anipeleke kwa mganga. Jirani akasema ni malaria imepanda kichwani. Nilipoanguka nikakakamaa ndipo waliponipakia kwenye pikipiki, nimebanwa katikati ya watu wawili, hadi hospitali. Daktari aliuliza nilikunywa lini mara ya mwisho. Alipoambiwa, aliwafokea wote: mtu aliyezoea kunywa kila siku hakatishwi ghafla nyumbani kama mtoto anayenyimwa pipi, anaweza kufa, na huyu alikuwa njiani. Mimi sikujua. Nilijua pombe inaua anayeinywa, sikujua inaweza kumuua hata anayeikimbia bila msaada.

Pale hospitali kulikuwa na muuguzi, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, aliyetukusanya kila Jumatano watu sita au saba wenye shida moja. Yeye ndiye aliyenifundisha kuuita ulevi wangu ugonjwa. Sikupenda. Nilidhani ananitafutia kisingizio, na visingizio nilikuwa navyo tele.

"Baba, kisingizio ni kile unachokisema ili uendelee kunywa," akaniambia. "Ugonjwa tunauita ugonjwa ili utibiwe."

Alinionya pia kwamba ugonjwa wenyewe haukujii kwa ukali. Unaongea kwa sauti yako wewe, tena kwa hoja nzuri, na ndiyo maana nikae mbali na shimo la ndizi. Niliporudi nyumbani nilimpa kaka yangu mtumbwi wangu. Watu walisema nimeokoka, wengine wakasema nina ugonjwa wa ini. Niliwaacha waseme.

Mke wangu alikuwa amekuja hospitali siku ya tano, na ndiye aliyenirudisha Kasulo. Njiani aliniambia jambo moja, nalo alilisema huku akiangalia mbele.

"Nimekulinda miaka kumi na sita. Nimemwaga, nimeficha, nimekunusa mdomo umelala. Sasa sikulindi tena. Utajilinda mwenyewe. Siku nikiona umerudi kule, naondoka, na safari hiyo usinifuate."

Nikasema sawa. Mgonjwa husema sawa kwa kila kitu.

Sasa ndipo likaja hili la Kaniha. Kijana ni fundi seremala, walifahamiana na binti yangu mnadani Biharamulo, na baba yake ni mkulima, mlokole wa siku nyingi, mtu ambaye hata soda huiangalia mara mbili. Hakuna pombe kwao, hata ya harusi. Nilipoambiwa hivyo nilifurahi hadi nikaona haya. Lakini ukoo wetu ulikuwa na neno. Kwetu mkwe anapokelewa kwa kibuyu: mwenye nyumba anavuta mrija kwanza, kuonyesha kwamba hamna ubaya ndani, kisha anampa mgeni, naye anavuta mrija ule ule. Bila kibuyu hamjapokeana. Kaka yangu mkubwa aliapa hatakaa kwenye posa isiyo na kibuyu, na mshenga akaenda na kurudi Kaniha mara mbili kwa ajili ya jambo hilo tu. Mwisho akapata njia. Kibuyu kitakuwepo, lakini ndani yake patakuwa na umutobe, yaani maji matamu ya ndizi yaliyokamuliwa karibuni, ambayo hata mtoto hunywa. Mlokole akakubali. Kaka akakubali. Mimi nilikubali kabla hawajamaliza kusema.

Binti alinifuata nyuma ya nyumba siku ile. "Baba, sikuombi kitu kingine," alisema. "Wakukute mzima tu." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Ijumaa, siku moja kabla, nilisema nitakamua mwenyewe. Kaka alikuwepo na angeweza kukamua, lakini nikasema haiwezekani binti yangu aposwe kwa ndizi zilizokamuliwa na mtu asiyejua kukamua. Ni maji ya ndizi tu, nilimwambia mke wangu, si pombe. Naye akaenda kuchemsha maji. Nikaufuata mtumbwi kwa kaka, nikamenya ndizi, nikazikanda na nyasi, na harufu ile ilipoanza kupanda niliusikia mwili wangu wote ukitulia kama mtu aliyefika kwao. Ningetakiwa niondoke pale pale. Niliendelea kukanda.

Mke wangu alileta kidumu kipya alichokisuuza kwa maji ya moto. Nilikiangalia nikaona kibaya. Mkwe hawezi kupokelewa kwa plastiki, nikasema. Nikainua mkono nikashusha kibuyu changu cha zamani kilichokuwa kikining'inia jikoni, cheusi kwa moshi. Kibuyu kile kilitiwa pombe miaka na miaka, na hakikupata kuoshwa kwa sabuni hata siku moja. Sisi mafundi hatukioshi kibuyu cha pombe, kwa sababu uchachu uliogandia ndani ndio unaoharakisha pombe mpya. Ukimimina maji matamu humo leo, kesho unaamkia kitu kingine.

"Kwa nini hicho?" mke wangu akauliza.

"Utanifundisha mimi mambo ya ndizi?"

Nilimjibu kwa sauti ile ya zamani, hata kuku waliokuwa mlangoni walisogea. Akaweka kidumu chake chini akaenda zake. Na angalieni jinsi nilivyokuwa na haki: ni kweli mkwe hapokelewi kwa plastiki. Ila maji yale yangeweza kulala kwenye kidumu na kuhamishiwa kibuyuni wageni wakishafika. Wazo hilo lingemjia mtoto wa darasa la tatu. Mimi, fundi wa miaka ishirini, halikunijia. Nililala usingizi mzuri kuliko miezi yote tisa.

Walifika Jumamosi asubuhi kwa gari la kukodi, wazee watatu na mama mmoja, pamoja na kijana mwenyewe ambaye viatu vyake viling'aa kupita kiasi. Mkwe, yaani baba wa kijana, alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la kijivu. Alinizidi umri, nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkwe. Tumewakuta?"

"Tupo. Karibuni sana."

Tuliketi uani chini ya turubai. Mshenga akazungumza mazungumzo yake marefu ya kutafuta mbegu nzuri iliyosikika iko kwetu, kaka akamjibu kwamba mbegu zipo lakini ghala lina mwenyewe, wakachekeana. Mimi nilikaa nimenyooka, shati limefungwa hadi shingoni, nikijua kwamba kila mtu wa Kasulo aliyekuja alikuja kuniangalia mimi. Binti alikuwa ndani na shangazi zake. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mikono imeshikana mbele.

Kaka akaleta kibuyu akaniwekea mapajani. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikaona povu jembamba shingoni. Nililiona. Sitawaambia kwamba sikuliona.

Nikavuta mrija.

Ulimi wangu ulijua kabla yangu. Ilikuwa pombe, changa bado, tamu kwa juu na kali kwa chini, kama ninavyoipenda mimi. Nusu ilishuka kabla sijaamua lolote, nusu ikabaki mdomoni. Joto likaingia kifuani likaanza kwenda mabegani. Nami huku mbele yangu nikaona mikono ya mkwe imeshanyooka, imekaa tayari kupokea kibuyu, mikono ya mtu ambaye hajapata kuonja kitu hicho maisha yake yote na ambaye alikuwa ameniamini.

Hapo ndipo nilipoisikia ile sauti. Haikusema, nenda kalewe. Ilisema kwa adabu kabisa: mwokoe mzee wa watu. Ukimpa atakunywa pombe, itakuwa aibu na dhambi. Ukikataa kumpa, posa imevunjika. Kimalize wewe. Vuta mpaka mwisho, useme kwa furaha kwamba kwenu baba wa binti hukimaliza kibuyu cha kwanza, kisha waambie wajaze kingine. Watacheka. Hakuna atakayejua. Fanya kwa ajili ya binti yako. Na ilikuwa sauti yangu, ile ile ninayomshauri nayo kaka mambo ya shamba, na hoja ilikuwa nzuri. Midomo yangu ilikuwa bado kwenye mrija.

Niliogopa. Sijapata kuogopa hivyo hata siku ya siafu, maana siku ile sikuwa na akili, na siku hii nilikuwa nayo.

Nikageuza uso nikatema kwenye majani. Kisha nikakivuta kibuyu kifuani kwangu, mbali na mikono ya mkwe. Kwetu kumwondolea mkwe kibuyu mikononi ni kumwambia arudi kwao. Mama mmoja wa upande wetu alishika mdomo.

"Mzee, vipi?" mshenga akanong'ona.

"Usinywe," nikamwambia mkwe. "Kimechachuka. Hii ni pombe."

Kaka akacheka haraka haraka ili kuokoa shughuli. "Aa, kidogo tu hiki, hakilevyi! Wanawake hawa bwana. Umewaambia watie maji matamu, wao wanatia kwenye kibuyu kichafu. Hawasikii!" Wazee wetu wakaguna kukubali, na vichwa vyote vikageuka kuelekea mlango wa jiko.

Mke wangu hakusogea. Alinitazama mimi tu.

Jambo lilikuwa limeshapata njia ya kupitia. Ningenyamaza kidogo tu, hata bila kusema uongo, kosa lingekuwa la mwanamke, mkwe angesamehe, kingeletwa kidumu, tungeendelea. Miaka kumi na sita nilikuwa nimemtwisha hivyo hivyo. Nilipochelewa ni yeye aliyekuwa na kelele, nilipoanguka ni yeye hakuweka taa, niliposhindwa kwenda shamba ni yeye hakuniamsha. Alikuwa amezoea, na hilo ndilo lililoniuma, kwamba alisimama pale kama mtu anayengoja mvua aliyoiona tangu mbali.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi."

Sauti ilitoka ndogo, ikabidi niseme tena. Nikasimama.

"Nilitia mimi jana. Mke wangu alileta kidumu kisafi nikakikataa. Kibuyu hiki nakijua kuliko ninavyojua jina langu, nilijua kitafanya nini. Nilijiambia sijui, lakini nilijua." Nikamgeukia mkwe. "Mzee, mimi ni mlevi. Miezi tisa sijanywa, mpaka sasa hivi nilipovuta mrija huu. Binti hana kosa katika hili, wala mama yake."

Kaka aliweka kichwa mikononi. Kibuyu nilikuwa bado nacho, nikaona nikiendelea kukishika nitakirudisha mdomoni mbele yao wote. Nikakipindua. Pombe ikamwagika uani, na kuku wakaja kudonoa.

Mkwe aliinuka, wenzake wakamfuata hadi kwenye gari. Walisimama huko wakizungumza kwa muda mrefu, migongo imetugeukia. Kijana hakwenda nao. Alibaki kwenye kiti chake akiangalia viatu vyake vinavyong'aa, na nilimhurumia kweli. Hakuna mtu wetu aliyeniangalia. Nikawa nausikia mwili ukidai nusu nyingine, unaidai kabisa kama mtoto anayelilia titi, nikasimama nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu.

Waliporudi, mkwe hakuketi.

"Mkwe," alisema, "mimi sikuja kumposa baba, nimekuja kumposa binti. Lakini nyumba nayo huangaliwa. Leo hatutazungumza mahari. Tutarudi baada ya mavuno, tuone tutawakuta vipi." Akatazama jua. "Hata hivyo hatuondoki kwenu na kiu. Tupeni maji ya kunywa."

Mke wangu alileta maji kwenye kikombe cha bati. Nilionja kwanza, meno yakigonga kwenye bati, nikampa mkwe, naye akanywa yote mpaka chini. Kaka akashusha pumzi hadi tukaisikia.

Walipoondoka binti alitoka ndani. Macho yalikuwa yamevimba. Nilijiandaa kwa lolote.

"Umeniaibisha tena, baba," alisema. Kisha akaongeza, "Angalau leo ulikuwa umesimama." Akaanza kukusanya viti.

Jua lilikuwa bado juu ya migomba nilipoingia chumbani. Mke wangu alikuwa ameketi kitandani, na pembeni yake pana kitenge kilichofungwa fundo.

"Unakwenda wapi?" nikauliza.

"Nilikionja kile kibuyu asubuhi, ulipokuwa unaoga. Kilikuwa kimeshageuka."

Hasira ilinipanda, ile ya zamani, mpaka masikioni. "Mbona hukusema? Na mzee wa watu, ungemwacha anywe?"

"Unafikiri nilisimama pale mlangoni kwa ajili gani? Ungemnyooshea tu, ningekuja kukipokonya mbele ya wote. Kisha ningewaomba nafasi kwenye gari lao. Si linapita kwetu?"

Aliniambia bila ukali, kama mtu anayekutajia saa ya basi. Nilikaa upande wa pili wa kitanda nikalifungua lile fundo mwenyewe, naye hakunizuia. Ndani mlikuwa na gauni lake la kanisani, blanketi, picha ya marehemu mama yake, na cheti chake cha ubatizo ndani ya mfuko wa nailoni. Kitu changu hakikuwemo hata kimoja.

Aliinuka, akachukua gauni akalitundika msumarini. Nilingoja achukue na kingine. Hakuchukua. Alikifunga kitenge tena akakisukuma chini ya upande wake wa kitanda, nami niliogopa kusema neno asije akabadili mawazo. Blanketi lilitoka baada ya wiki mbili, baridi ilipozidi. Picha ya mama yake ilirudi ukutani mwezi uliofuata, siku niliyotoka kwenye kikao cha Jumatano nikiwa nimelowa mvua. Cheti cha ubatizo kilibaki ndani ya kitenge kile mpaka siku wakwe waliporudi kutoka Kaniha kuzungumza mahari.